Wabeba machela wa vita vya 1914 waliofariki bila kaburi wala jina

MSAFIRI atokaye Nairobi kuelekea Ruiru na Thika huipita kambi ya jeshi ya Kahawa. Askari wa siku hizi akijeruhiwa, hutarajia kufikiwa na mhudumu wa tiba mwenye dawa, redio na hata helikopta. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, tumaini la majeruhi lilikuwa mabega ya hamali.

Vita hivyo vilipozuka Agosti 1914, Waingereza walipambana na majeshi ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mbung'o waliangamiza farasi na ng'ombe, nazo barabara zilikuwa haba. Kwa hiyo chakula, risasi na majeruhi, vyote vilibebwa na binadamu.

Kutoka Kenya pekee walichukuliwa watu zaidi ya 150,000. Wilaya za Kiambu na Fort Hall, zilizopakana na Thika na Ruiru, hazikusazwa, hasa baada ya John Ainsworth kukabidhiwa mwaka 1917 jukumu la kukusanya watu, wengi wao kwa lazima.

Mbeba machela hakuwa na bunduki. Kazi yake ilikuwa kumwondoa majeruhi penye risasi na kumfikisha kwa daktari, pengine kwa mwendo wa siku kadhaa katika matope. Hata hivyo, adui aliyewamaliza wapagazi zaidi ni maradhi: kuhara damu, malaria na nimonia. Unga wa mahindi usioiva vizuri uliwadhuru matumbo. Kwa hesabu rasmi, waliokufa kutoka Kenya walizidi 40,000.

Kwamba vifo hivyo vingeweza kupunguzwa kulidhihirika mwaka 1917. Dkt John Arthur, mmisionari wa Thogoto, aliongoza kikosi cha watu wa misheni waliojitolea. Chakula na usafi vilisimamiwa kwa makini, na vifo vikawa vichache mno vikilinganishwa na vya wapagazi wengine.

Mbona basi hatuyaoni makaburi yao? Wakuu wa kikoloni waliamua kwamba Mwafrika hahitaji jiwe lenye jina lake. Badala yake, sanamu ya pamoja ilisimamishwa Nairobi mwaka 1928, katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue. Mtaa wa Kariokor nao ulirithi jina la kikosi cha wapagazi. Hata mishahara ya marehemu wengi haikuwafikia warithi wao.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Radhi hiyo ilichelewa zaidi ya miaka 100. Kwa familia ambayo babu yake aliondoka asirudi, simulizi za wazee huenda ndizo kumbukumbu pekee zilizosalia, na zisipoandikwa zitazikwa pamoja na wasimulizi wake.