Miguu ya Trela si Matofali

Wenzetu wa mashambani wanazijua trela ndogo za magurudumu mawili, zile zinazovutwa na trekta au pikapu hadi vitalu vya mbali. Ndani mna vitanda viwili vitatu na sanduku la vyombo, na watu wa kupiga dawa hulala humo siku kadhaa. Trela hiyo ikishafunguliwa kwenye gari huwa kama mizani. Ekseli iko katikati. Mtu mmoja akikanyaga nyuma, mbele hunyanyuka.

Tulikwenda Mulago, kwenye hospitali ya rufaa ya taifa, kumjulia hali mwenzetu aliyevunjika mguu kwa ajili ya trela kama hiyo. Ilikuwa imeegemezwa juu ya matofali. Mvua ilinyesha, tofali moja likapasuka, trela ikaegama na kumbana alipokuwa akishuka mlangoni. Pale shambani walisema ni bahati mbaya. Sisi hatukubali. Tofali la kuchoma hubeba uzito vizuri likiwa ndani ya ukuta, limeshikwa na wenziwe pande zote. Likiwa peke yake chini ya chuma kinachotikisika, hupasuka bila kutoa habari.

Basi tukawauliza mafundi wa kuchomelea kuhusu miguu ya kweli. Iko ya namna tatu. Wa kwanza ni paipu mbili, moja ndani ya nyingine, zenye matundu na pini. Huu ni rahisi na karakana yoyote inaweza kuutengeneza, ila hausimami sawasawa kati ya tundu na tundu. Wa pili ni wa skrubu, unaozungushwa kwa mpini mpaka uguse ardhi. Wa tatu ni wa mkasi, unaofunguka kama jeki ya gari. Kwa trela ya kulala watu sisi tungechagua wa skrubu au wa mkasi, maana ardhi ya shamba haina kipimo cha matundu.

Na nguvu yake? Ikumbukwe meza ya miguu minne kwenye sakafu mbovu: husimama kwa miguu miwili, mingine inaning'inia. Trela nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo ikiwa na mizigo yake ni kilo 600, usinunue mguu wa kubeba kilo 150 kwa kuwa 600 ukigawa kwa nne ni 150. Tafuta wa kilo 300 au zaidi.

Miguu ifungwe kwenye chesisi yenyewe, karibu na pembe nne, isifungwe kwenye mbao za sakafu. Bolti zipite kwenye bamba la chuma, na nati ziwe za kujikaza. Mguu wa kukunja ufungwe hivi: bawaba mbele, wayo ukielekea nyuma. Ukianguka safarini utaburuzwa tu. Ukifungwa kinyume utachimba barabara na kupindua kila kitu.

Mulago penyewe panafundisha habari ya ardhi. Juu kilimani udongo ni mwekundu na mgumu. Ukiteremka bondeni upande wa Katanga, miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, kiatu kinazama. Paipu ya sentimita 4 kwa 4 ikibeba kilo 160 hukandamiza kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba. Weka chini yake ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, na mkandamizo hushuka chini ya robo kilo. Ubao mmoja tu, na haugharimu kitu.

Kazi ifuatane hivi. Kabari kwanza, mbele na nyuma ya kila gurudumu, kabla ya kufungua trela kwenye gari. Kisha sawazisha, ndipo miguu iteremshwe mpaka iguse, na nusu mzunguko zaidi. Basi. Uzito ubaki kwenye magurudumu. Miguu hii ni ya kutuliza trela, si ya kuinyanyua, na mtu asiingie chini ya trela inayotegemea miguu hiyo peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota spana. Wakati wa kuondoka, funga trela kwenye gari kwanza, pandisha miguu yote minne, kisha toa kabari.

Habari ya nani anunue ni fupi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi na vifaa katika hali ya usalama. Trela ya kazi ni kifaa cha kazi. Mkiambiwa mtafute matofali, mwiteni mjumbe wa chama, naye apeleke madai kwa maandishi, akitaja namba ya trela na kitalu ilipo, na abaki na nakala.

Skrubu zipakwe grisi kila mwezi. Matope ya shamba huzila upesi.