Kitabu cha kumbukumbu: mwandikie mwanao ungali mzima

Mama, mwanao akikuuliza leo kwa nini aliitwa jina lake, utamjibu. Je, nani atamjibu siku ambayo wewe haupo? Wengi wetu hatupendi swali hili. Tunaona kulizungumzia ni uchuro. Lakini kuandika hakuleti kifo. Kunamwachia mtoto kitu cha kushika, na wewe mwenyewe kunakusaidia kujua ni yapi unayoyathamini.

Wazo hili limetumika wapi?

Nchini Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama wanaoishi na VVU walio katika chama cha NACWOLA walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Wakati huo dawa za ARV hazikuwafikia wengi. Kitabu kiliwasaidia kuanza mazungumzo magumu na watoto: kuhusu ugonjwa, na kuhusu nani atawalea.

Leo anayemeza ARV kila siku kama alivyoelekezwa anaweza kuishi miaka mingi na kuona wajukuu. Hata hivyo kitabu bado kinafaa, uwe na VVU au huna, uwe mama mzazi au bibi unayelea wajukuu.

Uandike nini?

Daftari la kawaida la shule linatosha. Anza na ukurasa mmoja tu:

- Mtoto alizaliwa wapi, nani alimpa jina, na kwa nini.
- Ndugu wa upande wa mama na wa baba, na wanakoishi.
- Magonjwa yaliyo katika ukoo: kisukari, shinikizo la damu, pumu, selimundu. Andika pia dawa inayomdhuru mtoto. Tukiulizwa haya hospitalini, wengi wetu tunatazamana tu.
- Mtu unayemwamini amlee mtoto ukishindwa. Zungumza naye kwanza.
- Yale unayoyathamini.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Usiandike "uwe na tabia njema" ukaishia hapo. Jiulize: ni siku gani nilifanya jambo gumu kwa sababu niliona ndilo la haki? Mathalani: "Mwaka ule mvua ilipokosekana, niliuza vitenge vyangu viwili ili dada yako asiache shule. Sikujuta." Mtoto atakayesoma maneno hayo atajua mama yake alikuwa mtu wa namna gani.

Kama hujui kuandika, rekodi sauti yako kwenye simu, au umwombe mtu unayemwamini akuandikie. Bandika picha. Mtoto naye achore.

Mambo ya kuangalia

Hali yako ya VVU ni siri yako. Ukiiandika, hifadhi daftari mahali salama. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri wa shule, miaka 6 hadi 12, aelezwe hali yake mwenyewe na ya mlezi wake, kidogo kidogo kadiri anavyoelewa. Usimwache aipate daftarini peke yake. Mweleze kwa mdomo. Mshauri nasaha wa kliniki atakusaidia kupanga namna ya kusema.

Kitabu hiki si wosia wa mali. Kuhusu shamba au nyumba, muone msaidizi wa kisheria.

Ukiandika na majonzi yakakuzidi, weka kalamu chini. Machozi si kosa. Lakini ukikosa usingizi siku nyingi, ukashindwa kula, au ukawaza kujidhuru, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Jioni ya leo, kazi zikiisha, chukua daftari uandike sentensi moja: "Mwanangu, jina lako lilitoka kwa..." Kisha msomee.