Nyumba Yenu Ni Shilingi Ngapi? Mwiteni Mthamini Kabla Benki Haijamwita

Wanandoa wengi vijana ninaokutana nao hapa Dar es Salaam wanajua bei ya kila walichonacho. Uliza simu, watakutajia mpaka chenji iliyorudi. Uliza gari, watakuambia walilinunua kiasi gani na wakiliuza leo watapata ngapi. Ila uliza hii nyumba mnayolala ni shilingi ngapi! Baba anataja yake, mama anataja yake, na tofauti ya bei hizo mbili inatosha kujenga nyumba nyingine.

Siku za kawaida hilo halina madhara, ni maneno ya kunogesha chai. Mambo hubadilika pale hati ya nyumba inapokuwa imelala benki na marejesho yameanza kuwashinda. Hapo bei ya kichwani inakuwa hatari. Mpenzi msomaji, najua mada ya uthamini wa nyumba haina harufu ya mahaba, na huenda ulifungua ukurasa huu ukitegemea mengine. Lakini katika miaka yangu ya kuandika habari za ndoa nimeona nyumba kubwa ikivunja watu kama inavyovunja nyumba ndogo. Kwa hiyo nivumilie.

Wazazi wetu wengi hawakupitia haya. Benki ya Nyumba Tanzania ilianzishwa 1973 ikafa 1995, na baada ya hapo mtu alijenga tofali kwa tofali, mshahara kwa mshahara. Sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 na kuanzishwa kwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki ili nazo zikopeshe watu wa nyumba, mwaka 2010, ndiyo mambo yaliyofungua mlango. Leo ukiwa na nyumba yenye hati unaweza kuikopea kwa jambo lolote la maana, iwe biashara, ada au kumalizia ghorofa. Nyumba inabaki yako, wewe unalala ndani, ila hati inalala kwao.

Shoga yangu niliyesoma naye chuo na mumewe (sitawataja majina, bado nataka kualikwa kwao Krismasi) walifanya hivyo mwaka 2021. Walichukua milioni 90 kwa dhamana ya nyumba yao ya Goba, wakafungua duka la vifaa vya ujenzi. Mwanzo lilikwenda vizuri sana. Kisha mteja mmoja mkubwa akachukua mzigo kwa mali kauli na hakuonekana tena. Mwanzoni mwa 2025 walikuwa wamebakiza deni la milioni 61, na marejesho ya miezi mitatu hayajalipwa.

Barua ya benki ilipelekwa ofisini kwa shemeji. Ikakaa kwenye droo ya gari wiki tatu. Shoga yangu aliiona siku anatafuta tishu za kumfuta mtoto mafua.

Wiki ile simu yangu iliita kila siku saa sita za usiku. Kilichomuuma, alisema, hakikuwa deni. Deni alilijua, alisaini mwenyewe. Kilichomuuma ni kwamba kwa wiki tatu mtu anakula, anacheka, anaangalia mpira, na barua iko kwenye gari. Shemeji naye alikuwa na utetezi wake: hakutaka kumtia mkewe presha, na mpango alikuwa nao tayari. Mpango wenyewe ulikuwa kuuza nyumba milioni 250, kulipa benki, na chenji kununua nyingine nzuri zaidi.

Nikauliza, hiyo 250 imetoka wapi? Ikawa imetoka kwa dalali.

Sina ugomvi na madalali, wamenipatia nyumba za kupanga mara mbili. Ila tusichanganye mambo. Dalali anakutajia bei itakayokufanya umpe kazi. Hasaini popote, na nyumba isipouzwa yeye hapotezi kitu. Mthamini ni mtaalamu aliyesajiliwa. Tangu 2016 tuna Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, yenye bodi yake ya usajili. Anaweka jina, sahihi na mhuri, na akiandika uongo ana pa kuulizwa. Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu, mwombe namba yake ya usajili. Akianza kuzunguka, mshukuru umuage.

Jambo la pili, na hili linaokoa hela: ulizeni kwanza benki yenu inakubali ripoti za wathamini gani. Benki nyingi zina orodha yao, na mara nyingi hutaka ripoti iwe imeidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ukimwita wako wa pembeni, ripoti inaweza kuwa nzuri kabisa na bado ukaambiwa ulipie nyingine. Ulizeni pia ripoti inakubalika kwa muda gani, maana ya zamani hawaipokei. Ada kubalianeni kwa maandishi kabla hajapanda gari.

JUMAMOSI YA FUTI NA DAFTARI

Mthamini alikuja Jumamosi asubuhi, mzee mmoja mtaratibu, na kijana wake wa kushika futi. Mimi niliitwa kama shoga wa bibi harusi. Nikakaa barazani na chai yangu, macho yote kwao.

Kwanza aliomba nyaraka: nakala ya hati, ramani ya nyumba, risiti za kodi. Hapo ikagundulika kwamba pango la ardhi lilikuwa halijalipwa miaka miwili. Shemeji akasema, "Mbona inakatwa kwenye LUKU?" Hapana. Inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni kodi ya majengo. Pango la ardhi ni deni lingine kabisa, na mnunuzi makini au benki mpya lazima wataliona.

Kisha wakapima nyumba kwa nje, ukuta kwa ukuta, wakapata mita za mraba. Wakaingia ndani. Mzee aligonga milango, akatazama dari kona kwa kona, akafungua bomba, akapiga picha nyufa mbili za jikoni ambazo shoga yangu alikuwa amezifunika kwa kalenda. Shemeji alikuwa nyuma yake muda wote kama muuza duka.

"Mzee, hii jipsamu peke yake nimelipa milioni nne."

"Nimeiona, kijana wangu. Imeingia humo humo kwenye dari."

"Na marumaru hizi si za hapa, niliagiza."

"Nazo nimeziona."

Nilimwonea huruma, kusema kweli. Mwanaume anajenga miaka sita, kila msumari anaukumbuka, halafu anakuja mtu na daftari anaandika neno moja: "wastani."

Hesabu yao iko hivi. Nyumba yenyewe wanaikadiria kwa kujiuliza, ukiijenga upya leo itagharimu kiasi gani? Wakipata, wanatoa uchakavu, yaani miaka iliyokaa, bati lililopauka, nyufa zilizo nyuma ya kalenda. Kiwanja wanakipima kwa kuangalia viwanja vingine vya jirani vilivyouzwa karibuni, vya ukubwa na hadhi inayofanana. Zamani kiwanja kitupu hakikuwa na bei mbele ya serikali, ulichofidiwa ni maendelezo tu. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1999 ndizo zilizotamka kwamba haki ya ardhi nayo ina thamani. Shikilia hapo, maana ndipo hadithi ya hawa watu ilipogeukia.

NAMBA MBILI

Ripoti ilitoka. Waliisoma mezani, wote wawili, kwa sharti la shoga yangu kwamba bahasha isifunguliwe mpaka yeye awepo. Milioni 148! Kiwanja chao cha mita za mraba 1,200, kila mita shilingi 65,000, kilikuwa milioni 78. Nyumba, pamoja na jipsamu yake, milioni 70.

Shemeji alinyamaza kama dakika tano. Kisha akauliza hii namba nyingine hapa chini ni ya nini. Ilikuwa milioni 103.6.

Msomaji, hii namba ya chini wengi huiruka, na ndiyo inayotakiwa kuwanyima usingizi. Ripoti za mkopo huwa na bei mbili. Ya kwanza ni thamani ya soko, ile mnayoweza kuipata mkiuza kwa utulivu, mkatangaza, mkasubiri mnunuzi wa kweli. Ya pili ni bei ya kuuza kwa shinikizo, ile ya mnadani, wakati kila anayekuja anajua mmebanwa. Kwa nyumba ile ya Goba tofauti ilikuwa zaidi ya milioni 44. Hizo ndizo hela ambazo ukimya wa barua kwenye droo ungeweza kuwagharimu.

Na sheria inawapa muda, watu hawaijui tu. Benki haiwezi kuamka asubuhi ikauza. Chini ya Sheria ya Ardhi lazima iwape notisi ya maandishi, na mnazo siku 60 tangu mmeipokea kabla haijatumia haki yake ya kuuza. Mnada wa nyumba nao hutangazwa angalau siku 14 kabla. Tena benki inawajibika kutafuta bei nzuri inayopatikana. Ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya nyumba za aina hiyo sokoni, sheria inachukulia kuwa haikutimiza wajibu huo, mpaka yenyewe ithibitishe vingine. Kwa milioni 148, robo ni 37, kwa hiyo ikiuzwa 111 kushuka chini mna la kuuliza mahakamani. Bila ripoti ya mthamini mtaanzia wapi? Mtasema dalali alisema 250?

Kwa akina dada nina neno la ziada. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza anayeishi humo. Sheria ya Ardhi inasema hivyo, na Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inazuia mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila mwenzake kukubali. Ile fomu unayoletewa na mumeo kwa haraka, "saini hapa mke wangu, afisa ananisubiri," ndiyo hiyo. Si karatasi ya adabu njema. Soma kiasi, soma miaka, soma riba, halafu ndipo upende kusaini. Na wewe kaka ambaye nyumba iko kwa jina la mkeo, fomu hiyo inakuhusu vilevile.

KILICHOPATIKANA

Baada ya ile 250 kufa, ndipo hawa wawili walipoanza kuongea vizuri. Kuuza nyumba nzima kwa 148 na kulipa 61 kungewaachia milioni 87 kabla ya kodi na gharama, nao wana watoto wawili na hawataki kurudi kupanga. Kuhamishia mkopo benki nyingine kwa miaka mirefu zaidi, wakapiga hesabu, riba ikawa inawacheka.

Shoga yangu ndiye aliyeirudia ripoti na kuona kwamba zaidi ya nusu ya thamani iko kwenye ardhi, na nyumba imekaa upande mmoja wa kiwanja. Ule upande mwingine una migomba, banda la kuku ambalo halina kuku, na gari bovu la shemeji mkubwa. Wakikata mita 600 na kuziuza kwa bei ya ripoti ni milioni 39. Deni lingebaki milioni 22, na hilo mishahara yao inalimudu.

Si jambo la siku mbili. Kukata kiwanja kunahitaji kibali cha mipango miji kutoka manispaa, upimaji mpya, hati mpya, na kwa kuwa ardhi imefungwa na rehani, benki lazima ikubali kwanza. Walikwenda benki pamoja, na ripoti mkononi, ndani ya zile siku 60. Kabla ya hapo waliomba kwa maandishi taarifa ya deni lote mpaka siku hiyo, pamoja na riba na faini, kwa sababu salio la kwenye simu halioneshi kila kitu. Waliuliza pia kama kuna ada ya kulipa mapema. Ilikuwepo, wakaijadili, ikapunguzwa. Na waliambiwa jambo ambalo wengi hulisahau wakishamaliza deni: kuhakikisha benki inatoa hati ya kufuta rehani na inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Bila hivyo unaweza kulipa mpaka senti ya mwisho na nyumba ikaendelea kusomeka imefungwa.

Benki ilikubali kwa sharti kwamba hela ya mnunuzi iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo. Vibali vimeanza kushughulikiwa, pango la ardhi limelipwa, na barua zote za benki sasa zinakaa juu ya friji ambako kila mtu anaziona.

Mpaka naandika haya, mnunuzi mmoja ameshakuja kuangalia. Alizunguka migomba, akakohoa, akataja milioni 25 akisema amesikia wenyewe wana shida ya haraka. Shemeji hakubishana naye. Aliingia ndani akatoka na ripoti, akamfungulia ukurasa wa kiwanja, na shoga yangu akamletea kiti. Yule bwana alisoma, akaomba apige picha ukurasa ule, akasema anakwenda kuzungumza na mke wake.