Kadirio la tahadhari, si “la kihafidhina”

Istilahi hii ya uhandisi hutumika katika kukagua uthabiti wa miteremko, kama ile iliyo kando ya barabara ya Lusahunga–Rusumo, inayotoka Biharamulo na kupita vilima vya Ngara hadi mpaka wa Rwanda.

Wapo wafasiri wanaoandika “thamani ya kihafidhina”. Neno hilo, lenye asili moja na *hifadhi*, huhusu kushikilia mambo ya kale, hasa katika siasa. Halimwelekezi mhandisi achague tarakimu ipi.

“Thamani ya chini” nayo hupotosha. Nguvu ya udongo hutokana na mshikamano na msuguano wa chembe zake, na hiyo hukadiriwa chini. Usawa wa maji ya ardhini, kinyume chake, hukadiriwa juu, kwa kuwa maji ya masika yanapojaa baina ya chembe hupunguza msuguano. Yote mawili ni tahadhari.

Chukua mfano: vipimo vitatu vikitoa pembe za msuguano za digrii 26, 30 na 34, wastani ni 30. Kwa wastani huo, mteremko mkavu wa mchanga usio na mshikamano, wenye mwinamo wa digrii 28, huonekana salama. Kwa 26, huporomoka.

Matumizi: *Mhandisi alitumia kadirio la tahadhari la nguvu ya udongo, si wastani wa vipimo.*