Je, Kifutu Aweza Kuzaa na Nyoka Asiye na Sumu?

Wakati wa kuvuna mahindi huko Njoro, Rongai na Subukia, na hasa magunia yanapohamishwa ghalani, nyoka huonekana mara nyingi. Akiuawa mmoja, watu humzunguka na mabishano huanza. Huyu asema madoadoa yake ni ya kifutu, ambaye wengine humwita bafe. Yule ajibu kwamba kifutu ni mnene, na huyu ni mwembamba mno. Mwishowe hutokea mtu wa kukata shauri: nyoka huyu ni chotara, baba yake kifutu, mama yake nyoka wa kawaida, na kwa hiyo sumu yake ni nusu tu.

Neno hilo laonekana dogo, lakini limo hatari ndani yake. Aliyeumwa, akiamini kwamba sumu ni nusu, hukaa nyumbani angoje aone itakuwaje. Na sumu ya kifutu huendelea na kazi yake huku yeye akingoja: kwanza ni maumivu na uvimbe unaopanda mguuni, kisha siku zifuatazo nyama hufa na kuoza, na aliyechelewa aweza kupoteza mguu au maisha.

Ukweli ni kwamba chotara wa namna hiyo hayuko. Mfugaji wa Bonde la Ufa aweza kuielewa sababu upesi kuliko mtu wa mjini. Ng'ombe wa Sahiwal, ambao asili yao ni Bara Hindi na ambao wamelelewa kwa miaka mingi Naivasha, hupandishwa kwa ng'ombe wa kienyeji na ndama huzaliwa mzima, maana wote ni ng'ombe. Punda na farasi ni jamaa wa karibu lakini si wamoja. Huzaa nyumbu, naye nyumbu ni tasa. Mbuzi na kondoo hulala zizi moja usiku kucha, mwaka hata mwaka, na beberu huweza kumpanda kondoo. Walakini mimba hiyo kwa kawaida huharibika. Basi kifutu na nyoka wa kawaida wa ghalani wametengana kwa nasaba mbali zaidi kuliko mbuzi na kondoo. Koo zao ziliachana mamilioni mengi ya miaka kabla binadamu hajakanyaga bonde hili.

Zaidi ya hayo, dume la nyoka humtafuta jike kwa harufu, na harufu anayoifuata ni ya jike wa aina yake. Hata kuzaa kwao hakufanani. Kifutu hazai mayai bali watoto walio hai, nao huwa wengi: kifutu mmoja aliyetoka Kenya alizaa watoto 156 katika bustani ya wanyama ya nchi ya Wacheki. Nyoka mla mayai na yule wa hudhurungi anayewinda panya ghalani hutaga.

Imani hii si ya Waafrika peke yao. Wakulima wa Marekani nao wamesimuliana kwa muda mrefu kwamba nyoka wao mwenye njuga mkiani, ambaye ana sumu kali, huzaa na nyoka mkubwa wa mashambani asiye na sumu. Wataalamu wao huwajibu vivyo hivyo.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba nyoka hawachanganyiki kamwe. Katika miaka ya 1970 wataalamu waliandika habari za machotara waliopatikana porini kusini mwa Afrika, waliozaliwa na kifutu na ndugu yake mkubwa wa msituni. Lakini hao wawili ni wa jamii moja, na wote wana sumu. Aliyezaliwa nao hakuwa na nusu ya kitu chochote.

Ni nani, basi, yule mwembamba mwenye madoadoa? Mara nyingi ni nyoka mla mayai. Hana sumu, na meno yake ni haba mno. Yai hulimeza zima, hulivunja kwa mifupa ya uti wa mgongo iliyochomoza kooni, kisha hutema ganda. Kwa kuwa hana silaha, hujikinga kwa kuiga wenye silaha. Hujikunja na kuyasugua magamba yake yenye kukwaruza mpaka yatoe mlio kama wa nyoka mkali, na hurukaruka kana kwamba anauma. Asiyemjua atakimbia, na ndivyo atakavyo.

Lakini kuna mwingine, na huyo si wa kuchezea. Kandokando ya Naivasha, Elmenteita na Nakuru huishi kifutu mdogo mwenye kipembe kimoja juu ya kila jicho, ambaye kwa kawaida hafiki urefu wa nusu mita. Hapatikani nchi nyingine yoyote ila Kenya. Wataalamu walimpa jina mwaka 1932, wakimheshimu Bwana Worthington, aliyeongoza safari ya uchunguzi wa maziwa ya Afrika ya Mashariki mwaka 1930 na 1931. Kwa udogo wake ni rahisi kumdhania chotara wa kifutu. Kumbe ni aina kamili, mwenye sumu yake mwenyewe, na hapana dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa sumu hiyo. Mtu anayempuuza kwa kuwa "ni nusu tu" amekosea vibaya.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa mwaka 2017. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, naye achukuliwe hospitali mara moja. Asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kukaza. Jiwe jeusi linalobandikwa juu ya jeraha halivuti sumu. Wala hapana haja ya kumfukuza nyoka ili apelekwe kwa daktari, maana daktari huongozwa zaidi na dalili za mgonjwa. Na kichwa cha nyoka kilichokatwa huweza kuuma bado. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka mbali yatosha, nayo ikikosekana, safari isingojee.