Umbali Kati ya Sikio na Spika

Mama mmoja muuza mishikaki alifika katika kliniki yetu ya masikio, pua na koo akilalamikia mlio usiokoma katika sikio la kushoto. Kwa miaka kadhaa amekuwa akiweka jiko lake kwenye matamasha ya viwanjani, ubavu wa kushoto ukielekea jukwaa, saa tano mfululizo. Kipimo cha usikivu kilionyesha upungufu ambao kilele chake kilikuwa kwenye hezi 4,000, alama ambayo mara nyingi hutuelekeza kwenye madhara ya kelele. "Lakini daktari, mimi nakaa mbali," aliniambia. Mbali ni wapi? Alinyoosha kidole dirishani hadi kwenye mwembe wa uani, kama mita 8.

Kwa spika moja ya kawaida, mahali pa wazi, mama huyu angekuwa na hoja. Sauti hupungua takribani desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Spika inayotoa desibeli 106 ukiwa mita 1 itakupa 100 ukiwa mita 2, 94 ukiwa mita 4, na 88 chini ya ule mwembe. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, inapendekeza mfanyakazi asizidishe saa 8 kwa siku katika desibeli 85, na kila nyongeza ya desibeli 3 ipunguze muda huo kwa nusu. Desibeli 88, basi, ni saa 4.

Matamasha ya leo, hata hivyo, hutumia safu ndefu za spika zilizopangwa wima na kuning'inizwa kando ya jukwaa, mtindo ulioenea tangu miaka ya 1990 kutokana na kazi ya Mfaransa Christian Heil. Safu hiyo huilazimisha sauti itawanyike kwa upana tu, si juu na chini. Kwa hiyo karibu na jukwaa hupungua desibeli 3 tu kwa kila maradufu ya umbali. Zile 106 hufika kwenye mwembe zikiwa 97, na muda salama ni nusu saa. Mafundi walitaka watu wa nyuma wasikie vizuri, na walifanikiwa. Sikio ndilo halikujulishwa.

Usiku huleta jambo jingine. Wagonjwa wa shinikizo la damu wanaokosa usingizi huniambia kwamba wenye muziki huongeza sauti ikifika saa sita. Pengine huongeza. Lakini hata wasipogusa kitu, hewa yenyewe hubadilika. Mchana ardhi hupasha joto hewa ya chini, na sauti hupinda kuelekea angani. Usiku mtulivu ardhi hupoa kabla ya hewa ya juu. Sauti, ambayo husafiri kasi zaidi katika hewa yenye joto, hupinda kurudi chini na kuangukia mapaa ya mbali. Besi ndiyo hufika, kwa kuwa hewa hufyonza zaidi sauti nyembamba.

Kwa hiyo mhudumu wa afya asitosheke na jibu la "mbali." Amuulize mgonjwa mahali hasa alipokaa, kwa saa ngapi, na kama alilazimika kupaza sauti ili asikike na mtu aliye mkono mmoja kutoka kwake. Mlio unaodumu zaidi ya siku moja unahitaji kipimo. Usikivu ukitoweka ghafla, mgonjwa apelekwe kwa daktari wa masikio siku hiyo hiyo, kwani tiba ikichelewa matumaini hupungua. Pamba haikingi, vizibo vya sponji vikiingizwa sawasawa hukinga.

Seli za sikio la ndani zilizokufa hazioti tena, na hilo nilimweleza mama yule bila kuzunguka. Jiko amelihamishia nyuma ya jukwaa, ambako besi bado inavuma lakini sauti nyembamba, inayosonga mbele kama mwanga wa tochi, haimfikii kwa ukali ule. Wateja, anasema, wamepungua kidogo.