Si Kila Mdudu Ni Mbu

Jioni unaona wadudu wengi wakizunguka taa, nawe unasema, "Mbu wamekuja." Ngoja, tazama vizuri. Mbu ana mdomo mrefu kama sindano. Jike ndiye anayeuma, maana anahitaji damu kwa ajili ya mayai yake. Yuko mdudu mwingine anayefanana naye, lakini hana sindano ile. Akitua ukutani huinua miguu ya mbele. Mbu mara nyingi huinua miguu ya nyuma. Huyo usimwogope, hawezi kukuuma.

Mbu wa malaria hutua kichwa chini, mkia juu. Huuma zaidi usiku. Basi, lala ndani ya chandarua chenye dawa. Mtoto akipata homa, usingoje kesho: mpeleke hospitali apimwe damu.